Picha Isiyo na Maneno

Mfaume mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umekwenda kunyolewa, umevaa lile shati jipya ambalo bado linanukia duka, na umeniahidi utarudi mapema, ahadi ambayo mimi na wewe tunaijua thamani yake. Kesho alfajiri unapanda basi la Dar. Nimeona nipige barua hii sasa, nyumba ikiwa tupu, maana nikingoja usiku taipureta itakuamsha wewe na majirani wote mpaka kule kwa fundi baiskeli.

Nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya zile korosho. Usiifungue hapa. Isome mkishapita Nangurukuru, wenzako wakishuka kunyoosha miguu. Na ukikuta kurasa ni nyeupe, usidhani mama yako amerukwa na akili. Utepe utakuwa umekauka, na mimi sina njia ya kujua. Ilishanitokea. Nilimpigia mdogo wangu Somoe kurasa mbili nzima za salamu na umbea, zikamfikia Kilangala kama zilivyotoka dukani. Akamtuma dereva wa gari la mihogo anijibu: "Mwambie dada karatasi zake nimezipata, nzuri sana, nafungia vitumbua."

Sitakuambia habari za kula vizuri wala kuchagua marafiki. Hayo nimekwambia tangu unaota meno, na kama hayajaingia masikioni hayataingia kwa karatasi. Nataka nikueleze habari za Somoe, na za ile tovuti yako. Ni jambo moja, ingawa wewe hujui kwamba ni moja.

Unajua surua ilinichukua macho nikiwa sijaanza hata kutumwa dukani. Tangu hapo kila mtu akawa ananichujia mambo. Wali ukiungua, niliambiwa umeiva vizuri. Gauni likipauka, niliambiwa nimependeza. Hawakuwa na nia mbaya. Walinionea huruma, na kwetu huruma haikosi uongo kidogo wa kulainishia. Somoe peke yake ndiye hakuwa na tabia hiyo. Siku ya harusi yangu nimekaa nimefunikwa, nimetulia kama nilivyofundishwa, yeye akaniinamia sikioni: "Dada, bwana harusi wako ana jino limekatika hapa mbele, na kanzu ya kuazima, inamburura. Lakini anacheka vizuri." Nikaangua kicheko mbele ya wageni, somo wangu aliyenifunda akanifinya mpaka nikapata alama. Baba yako, Mungu amrehemu, aliniuliza miaka yote nilicheka nini siku ile, na sikumwambia.

Kuna jambo jingine la Somoe ambalo wewe hulijui, maana si la kuambiwa mtoto wa kiume, lakini yeye hayupo tena wa kuona haya. Maji ya moto yalimmwagikia utotoni, yakamwachia kovu toka mabegani mpaka kiunoni. Alilificha maisha yake yote. Hata kisimani alioga wa mwisho, wenzake wakishaondoka. Alikuwa akiniambia, "Dada, nikitangulia mimi, uje unioshe wewe. Hawa wanawake wa huku wataniangalia mgongo halafu waende kuusimulia. Wewe huoni, huna la kusimulia." Tulicheka sana, lakini nilimpa mkono wangu juu ya jambo hilo. Kwake halikuwa mzaha, nami nililijua.

Sasa nikupeleke kazini kwangu, kabla hujapata akili ya kukumbuka. Nilikuwa opareta wa simu katika kampuni moja ya korosho pale mjini. Swichibodi yangu ilitengenezwa kwa ajili ya asiyeona: simu ikiita, kipini kidogo kiliinuka chini ya kidole, nikajua ni laini ipi. Sauti za Lindi nzima zilipita masikioni mwangu, za biashara na za mapenzi, na za tanzia pia. Na tanzia unajua jinsi zinavyosemwa kwetu. Aliyefiwa haambiwi kwamba amefiwa. Anaambiwa mgonjwa wake amezidiwa, afanye haraka aje. Akifika, hakuna tena haja ya kumwambia. Mimi nilikuwa fundi wa mambo hayo. Niliweza kupokea kilio kwenye sikio moja na kutoa sauti ya kawaida kwa mdomo.

Siku moja iliingia simu kutoka Rondo. Mke wa Chande, dereva wetu, alikuwa amefariki katika uzazi. Nikamwita Chande nikamwambia, "Mkeo anaumwa, panda gari la kwanza." Akaenda. Aliporudi baada ya matanga alikuja akasimama mlangoni pangu. Nilimjua kwa viatu vyake.

"Bi Hawa," akasema, "njiani nilisimama kumnunulia machungwa. Nikaingia pale uwanjani na kapu la machungwa, watu wote wananitazama."

Nikamwambia, "Nisamehe, Chande. Sikutaka upate mshtuko njiani."

"Najua. Ahsante, Bi Hawa."

Akaondoka. Mimi ahsante ile niliichukua kama sifa. Niliiweka moyoni miaka mingi, nikijiona mwenye busara na ulimi mzuri.

Halafu ukaja wakati wa mashirika kuuzwa na watu kupunguzwa. Wenye kampuni wapya wakaleta swichibodi nyingine, kioo kilicholala, taa zinawaka ndani yake. Nilikipapasa. Kilikuwa laini kama sahani, hakina pa kushika. Hakuna aliyenifukuza kwa chuki. Meneja alikuwa kijana mwenye adabu zake, alinishika mkono akasema, "Shikamoo, mama. Sasa na wewe upumzike." Nikaitikia marahaba, nikapumzishwa, na nguvu zangu zote mwilini. Wakaniaga kwa taipureta hii. Sikumwuliza kama mashine yake haiwezi kutiwa vipini. Nilidhani kuuliza ni kukosa shukrani. Na yeye hakuniuliza kama ningeweza kuendelea nikipewa njia, alidhani kuniuliza ni kuniumiza. Basi tukaachana kwa heshima nyingi, mimi sina kazi.

Nilikaa na uchungu huo muda mrefu, nawe uliula pamoja nami katika ule uji wa bila sukari. Kwa hiyo Mwalimu Anastazia alipokuja kunitafuta, akasema katika darasa lake la watu wasioona kumeletwa kompyuta inayosema, nilimfuata kabla hajamaliza maneno. Wewe uliniuliza najifunza nini huko, nikakwambia kupiga chapa tu. Nilikuficha. Nilitaka siku moja tukiwa tunakula nikutajie habari za kwenye tovuti yako, neno kwa neno, uduwae na tonge mkononi.

Kompyuta ile ni kichekesho. Inasoma Kiswahili kama mzungu aliyeteremka meli jana. Jina lako inalivunjavunja mpaka mwenyewe ungeitika kwa shida. Lakini mwanangu, mara ya kwanza niliposoma habari ambayo hakuna mtu aliyenichagulia, hakuna aliyeruka mstari, hakuna aliyeshusha pumzi kabla ya neno baya, nililia pale pale na visikilizio kichwani. Mwalimu akadhani mashine imenipiga shoti.

Nikafungua tovuti yako. Ile ile iliyowafanya watu wa Dar wakupe kazi, ya habari za nyumbani kwa jamaa zetu walio mbali: harusi, mabasi, bei ya korosho, tanzia. Mashine ikasema, picha. Nikabonyeza kushuka. Picha. Nikashuka tena. Picha. Nikamwita Mwalimu, akaangalia, akasema, "Mwanao ana mkono mzuri, mama. Matangazo yote ameyachora, herufi zenye maua na fremu. Ila mashine haina macho. Inasoma kilichoandikwa. Picha lazima mtu aiandikie maneno yake nyuma, ndipo na wewe uyapate."

"Ni kazi kubwa?"

"Mstari mmoja. Mwambie tu."

Sikukwambia. Jioni ile ulirudi umefurahi, ukanisimulia jinsi watu wanavyoisifia, ukaniuliza, "Mama, unaionaje?" Nikasema nzuri sana. Ningewezaje kukuvunja moyo kwa kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako? Nikajiambia nitakwambia wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema nyingine. Sasa unajua ule ulaini uliurithi kwa nani.

Ikaja ile Jumamosi. Nilikwenda kwa Mwalimu, wewe ukaenda kwenye ile intaneti kafe yako. Nikafungua tovuti. Juu kabisa palikuwa na kitu kipya. Picha, ikasema mashine. Nikatabasamu peke yangu, nikadhani ni harusi, nikajiuliza ni ya nani. Nikaipita, nikashuka chini kwenye bei ya korosho, ambayo uliiandika kwa maneno bila kujua kama unanifanyia hisani. Nikavua visikilizio nikarudi nyumbani.

Nilikukuta barazani, na si kawaida yako saa zile.

"Mama," ukasema, "mama mdogo anaumwa. Wameniletea ujumbe kwenye simu. Twende Kilangala."

"Anaumwa nini?"

"Homa tu, wanasema. Lakini twende."

"Kama ni homa tu, ngoja nimpikie uji. Watu wa kule uji wa mgonjwa wanaukoroga kama ugali."

Ukasema, "Sawa, mama," ukaenda kunikokea moto.

Hapo ndipo ninaporudi kila siku, mwanangu, kwenye ile sawa mama. Nilichekecha unga wa mtama, nikakoroga taratibu usipate madonge, nikakamua ndimu, nikaonja, nikaongeza sukari kwa sababu Somoe alipenda utamu kama mtoto. Nilikuwa nakusimulia mambo yake ya utotoni, nacheka, na wewe uko hapo unachochea kuni. Nikautia kwenye chupa ya chai. Ukaishika chupa ile mapajani njia nzima, na gari lilipoyumba uliikumbatia. Mimi nikadhani unaogopa usimwagike.

Tulifika watu wameshaswali alasiri. Niliposhuka nilisikia sufuria zinaoshwa, sufuria nyingi, na wanawake wengi wasiosema neno. Nyumba ya mgonjwa haina sufuria kiasi kile. Na palikuwa na harufu ya karafuu maiti. Wifi yangu akaja akanishika mkono, akasema, "Pole na safari, dada."

Nikauliza, "Nani amemwosha?"

"Kina mama wa hapa hapa, dada. Tuliwatumia habari tangu alfajiri. Tulikusubiri, tukakusubiri. Jua likatushinda."

Nilikuwa bado nimeshika chupa ya uji. Sijui ni nani aliyenipokea.

Usiku ule hukuja karibu yangu. Asubuhi ukaja ukalia begani mwangu, hukusema kitu, nami sikukuuliza kitu. Watu wakaanza kusema marehemu hivi, marehemu vile, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ambayo na mimi nilikuwemo. Hata kisimani nilisikia wanawake wakinong'ona, wakanyamaza nilipokaribia. Sijui walikuwa wakisema nini. Labda ilikuwa bei ya chumvi. Lakini kila nikikumbuka mnong'ono ule naona haya kwa niaba ya Somoe, mpaka leo.

Arobaini ilipopita nikarudi darasani. Mwalimu Anastazia akanikalisha. Akasema, "Mama Mfaume, nimeshindwa kukaa na jambo hili. Jumamosi ile ulipokuwa hapa, ile picha ya juu kabisa ulikuwa umeifungua. Mimi niliiona jioni, ulikuwa umeshaondoka. Ndiyo ile ya Somoe." Akataka anisomee. Nikamkataza.

Naelewa ilivyokuwa. Ujumbe ulikufikia asubuhi, ukajua jamaa wa Dar na Mtwara wanatakiwa kupata habari, ukafanya kazi yako kwanza kwa sababu kazi ilikuwa rahisi kuliko kuja kuniangalia usoni. Ukamtengenezea mama yako mdogo tanzia nzuri. Watu wote wa mbali wakaisoma. Binamu yako aliye Muscat akaisoma. Mimi dada yake nilikuwa nimekaa mbele yake, kidole changu kiko juu yake, na gari lilikuwa bado halijaondoka stendi. Ningepanda lile la asubuhi. Ningefika.

Usisome hapa ukadhani mama yako ana kinyongo. Ningekuwa nacho ningekipiga kwa taipureta, unanijua. Wewe ulifanya alichokufundisha opareta wa simu aliyekuzaa. Ulinionea huruma kama mimi nilivyomwonea Chande, na siku ile nikiwa na uji wangu mkononi ndipo nilipoyaona machungwa yake. Hata ahsante yake nikaielewa. Alikuwa na adabu tu. Na ningekwambia mapema kwamba picha zako ni bubu kwangu, ule mstari mmoja ungekuwepo. Mimi na wewe tulioneana haya, na Somoe ndiye aliyelipa.

Huko uendako utawatengenezea watu tovuti za mabenki, za vyuo, za hospitali, sijui za nini. Utakaa na vijana wenye macho makali, na nina hakika kuna siku mmoja atasema wasioona hawaingii humo, kwa hiyo tusipoteze muda. Mwambie mama yako alikuwa anaingia kila Jumamosi na wewe mwenyewe hukujua. Darasani kwetu kuna binti wa Rondo ambaye mkono wake wa kulia hauna vidole na wa kushoto unatetemeka, kipanya cha kompyuta hakimtii. Anabonyeza vitufe kwa kijiti alichofunga kwenye kiganja, na ana kasi kuliko mimi. Akikutana na ukurasa unaotaka kipanya tu, anasema, "Hapa wamefunga." Hasemi hapa nimeshindwa. Nampenda kwa hilo. Mimi kile kioo cha swichibodi nilisema nimeshindwa.

Sikufundishi kazi yako, siijui. Nakuomba tu uulize. Mtu akikujia na mkono wake au jicho lake au sikio lake, usimpumzishe kabla hujamwuliza. Na akikwambia kazi yako ni nzuri sana, mwulize ameisoma vipi.

Nasikia mtu anakohoa njiani kama wewe, basi nimalizie.

Ile picha ipo bado. Nilikwenda tena Jumamosi iliyopita. Imeshuka chini sana, harusi nyingi zimeshakaa juu yake, lakini napajua mahali pake. Nikifika, mashine inasema picha, na mimi nakaa hapo kidogo. Ukifika Dar, kabla hujashika kazi za watu, rudi pale. Usiitoe, nasikia umeipamba vizuri, na Somoe alipenda mapambo. Iandikie tu ule mstari nyuma yake. Andika jina lake na la baba yetu. Andika kwamba amefariki, Kilangala, alfajiri, na atazikwa leo alasiri. Usiandike anaumwa. Jumamosi nitakuwa nimekaa pale, visikilizio kichwani. Najua mashine italitamka jina lake ovyo, haidhuru. Mpaka leo, mwanangu, hakuna mtu aliyeniambia kwamba Somoe amekufa, na nataka uniambie wewe.

Mama yako,
Hawa